'Hasikii huyu': Neno lililomfanya mtoto aitwe mkaidi mwaka mzima

Dar es Salaam. Kwa mama mmoja mkazi wa Mbagala, saa 12 jioni ndiyo saa ngumu kuliko zote. Mikono iko kwenye unga wa maandazi ya kesho, mtoto mdogo analia mgongoni, jiko la mkaa linataka kupepewa. Ndiyo saa anayomhitaji mwanawe wa kwanza, mvulana wa miaka saba, akalete ndoo ya maji au akimbie dukani kuchukua mafuta.

"Naita mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Yuko pale mlangoni, hatua nne tu, amenipa mgongo anachezea vizibo vya soda. Mara ya tatu hasira zimeshapanda. Mara ya nne naenda na mwiko mkononi," anasimulia.

Mtoto alikuwa akigeuka pale tu mwiko unapomgusa. Na alivyogeuka, anasema mama yake, ndivyo alivyozidi kumuudhi: macho yamemtoka, kama mtu aliyeonewa.

Kwa mwaka mzima mama huyu alikuwa na jibu moja. Mtoto amekuwa mkaidi. Ukaidi wenyewe aliujua ulikotoka, kwa sababu upande wa baba yake kuna mjomba mmoja ambaye hajawahi kukubali kuambiwa neno na mtu. Majina yao yamehifadhiwa, kwani mtoto bado yuko shule ileile na wazazi wa wenzake wanasoma magazeti kwenye simu.

Ushahidi wa ukaidi haukukosekana. Mwalimu wa darasa la kwanza alilalamika kwamba kijana haandiki imla, anaangalia daftari la jirani. Wenzake wakiambiwa wafungue ukurasa fulani, yeye anachelewa, anatazama kwanza kushoto na kulia. Nyumbani televisheni ilikuwa haipungui sauti. Akiambiwa apunguze anapunguza, ukirudi baada ya dakika tano imepanda tena. Mara nyingine akiulizwa jambo anajibu "Eh?", jibu ambalo katika nyumba nyingi za Kiswahili ni utovu wa adabu, kwani mtoto mwenye adabu huitika "Abee" au "Naam".

Lakini kilichofunga kesi kabisa ni kwamba kuna siku alisikia. Akiitwa kula, alikuja. Muuza barafu akipita na kengele yake, alikuwa wa pili au wa tatu kutoka nje.

"Ningemuamini vipi?" anauliza mama huyo. "Mtu anasikia njoo ule, halafu hasikii njoo ubebe ndoo. Huyo si mgonjwa, huyo ni mjanja."

Baba yake, fundi seremala anayerudi usiku, alikuwa akipokea ripoti ya siku kabla hajavua viatu. Kuna siku alimnasa kibao. Siku nyingine akamwambia mkewe waache, mtoto ataona dunia itakavyomfunza.

Kisha bibi akaja kutoka Muheza, kufuata matibabu ya macho. Alikaa wiki tatu. Bibi huyu haoni vizuri, na huenda ndiyo sababu anashika watu anapoongea nao. Kila alipomtuma mjukuu wake alimvuta mkono kwanza, akamwelekeza uso kwake, akasema anachotaka. Mtoto alikwenda. Hakutumwa mara mbili. Siku ya nne au ya tano, wakiwa jikoni, bibi akamwambia mkwewe:

"Mama, huyu mtoto hasikii."

"Hasikii kabisa, mama. Nimechoka naye, hata baba yake amechoka."

"Hujanielewa. Nasema hasikii. Masikio."

Neno moja, maana mbili

Katika Kiswahili, kusikia ni kazi ya sikio na pia ni kutii. Mtoto msikivu ni mtoto mwenye adabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Methali hizo hazizungumzii masikio hata kidogo, ila zimetufundisha tangu utotoni kwamba asiyesikia amekataa kusikia. Hatuko peke yetu katika hili. Hata neno la Kiingereza la kutii limetokana na Kilatini, na ndani yake kuna kusikiliza.

Basi wanawake hawa wawili, wakiwa jikoni mmoja na mtoto mmoja mbele yao, walisema neno lilelile na kuona watoto wawili tofauti. Mmoja anastahili mwiko. Mwingine anastahili daktari.

Wanasaikolojia wana namna ya kulieleza jambo hili. Akili haipokei tukio likiwa tupu, hulivalisha maana kwanza, kama picha inavyowekwa kwenye fremu, na fremu ndiyo inayoamua kipi kionekane na kipi kikatwe pembeni. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, John Condry na Sandra Condry, waliwaonyesha watu zaidi ya 200 filamu ya mtoto wa miezi tisa anayepewa vitu vya kuchezea. Kimoja kilikuwa kisanduku ambacho kinafunguka ghafla na kidude kinachomoka. Mtoto anashtuka na kukunja uso. Watazamaji walioambiwa ni wa kiume walielekea kusema amekasirika. Walioambiwa ni wa kike walielekea kusema ameogopa. Filamu ilikuwa moja na mtoto alikuwa mmoja.

Kwa mzazi, tofauti ya hasira na woga si ndogo, kwa sababu mtoto mwenye hasira hukaripiwa na mtoto mwenye woga hubebwa.

Daktari wa akili Aaron Beck, aliyefanya kazi Philadelphia, aliliona jambo la jamaa na hilo katika miaka ya 1960 alipokuwa akitibu watu wenye sonona. Aligundua kwamba kati ya tukio na hisia huwa kuna wazo linalopita haraka mno kiasi kwamba mwenyewe halioni. Anachokihisi ni hasira au huzuni tu, na hudhani imeletwa na tukio. Mama wa Mbagala hakukasirishwa na ukimya wa mwanawe. Alikasirishwa na maneno matatu yaliyopita katikati: "ananisikia ila ananidharau."

Neno linalofanya kazi hii katika nyumba zetu ni "makusudi". Amemwaga uji makusudi. Amechana daftari makusudi. Analia makusudi ili nisiende kazini. Mtafiti Kenneth Dodge na wenzake wamechunguza tangu miaka ya 1980 jinsi watu wanavyosoma nia ya mwingine katika tukio lisiloeleweka vizuri, na tafiti za eneo hilo kuhusu wazazi zinakubaliana kwamba mzazi anayeona nia mbaya katika makosa ya mtoto ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutoa adhabu kali. Hilo halishangazi. Kinachosumbua ni jinsi tunavyolitumia neno hilo kwa watoto ambao bado hawana uwezo wa makusudi tunayowapa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeangusha kijiko kutoka mezani, akatazama chini, kisha akaangusha tena, anajifunza kwamba vitu huanguka. Hana habari kama sakafu imedekiwa.

Ugonjwa unaofanana na ujeuri

Bibi alipokwisha kusema, mama anasema alikaa chini na mikono yake yenye unga. Mambo yote ya mwaka mzima yalipita tena kichwani, na kila moja lilikuwa limegeuka. Televisheni ya sauti ya juu. Ile "Eh?". Daftari la jirani, ambalo mtoto alikuwa akilitazama ili ajue mwalimu amesema nini. Na muuza barafu, ambaye mtoto hakumsikia bali aliona wenzake wakikimbia, naye akakimbia. Ndiyo maana alikuwa wa pili au wa tatu kutoka, si wa kwanza.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo alikuwa amelisahau. Tangu mvua za masika, sikio la kulia la mtoto lilikuwa likitoa uchafu unaonuka, linakauka, linarudi. Alikuwa akimdondoshea mafuta ya nazi ya vuguvugu kama alivyofanyiwa yeye utotoni. Hakuwahi kuliunganisha sikio hilo na ukaidi. Moja lilikuwa suala la afya, jingine suala la malezi.

Zahanati iliwapa rufaa, na hospitalini daktari wa masikio, pua na koo alikuta tatizo pande zote mbili. Sikio la kulia lilikuwa na maambukizi sugu na kiwambo kimetoboka. La kushoto lilikuwa na majimaji nyuma ya kiwambo.

Hili la pili ndilo kila mzazi anapaswa kulijua, kwa sababu ndilo linaloigiza ujeuri vizuri zaidi. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na mrija mwembamba unakiunganisha na sehemu ya nyuma ya pua na koo. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo huziba kwa urahisi anapopata mafua. Ukiziba, hewa hutoweka na majimaji hukusanyika. Mara nyingi hakuna maumivu, hakuna homa, na ukichungulia sikio kwa nje huoni kitu. Watoto wengi hupata hali hii angalau mara moja kabla ya kuanza shule, na wengi hupona wenyewe ndani ya miezi mitatu. Wakati huo, mtoto husikia kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole.

Usikivu wake pia hupanda na kushuka. Wiki hii majimaji yamepungua, anasikia. Wiki ijayo mafua yamerudi, hasikii. Chumba kikiwa kimya na mama yuko karibu anasikia. Redio ikiwaka na mama akiwa jikoni hasikii. Ukiwa umeshaamua kwamba mtoto ni mjanja, kila siku anayosikia ni ushahidi kwamba siku nyingine anajifanya. Hivyo ugonjwa unajitetea wenyewe dhidi ya kugunduliwa.

Sikio linalotoa usaha ni jambo tofauti. Usaha ukiendelea kwa wiki mbili au zaidi, hayo ni maambukizi sugu na hayamalizwi na mafuta ya nazi, maziwa ya mama wala kitunguu saumu. Huhitaji kukaushwa kwa utaratibu unaoelekezwa na mhudumu wa afya, mara nyingi kwa kitambaa safi au karatasi laini iliyosokotwa, na dawa ya matone aliyoandikiwa mtoto huyo, si ile iliyobaki kwa jirani. Maji ya kuoga yazuiwe kuingia. Kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti na unyoya wa kuku vikae mbali. Uvimbe ukionekana nyuma ya sikio, au sikio likasukumwa mbele, au mtoto akawa na homa kali na shingo ngumu, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watoto milioni 34 duniani wana upotevu wa usikivu unaohitaji huduma, na kwamba takribani asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika, yakiwamo maambukizi ya masikio. Takwimu hizo hazisemi ni wangapi kati yao waliwahi kuitwa wakaidi.

Kikojozi naye

Sikio si pekee linalopewa jina la tabia. Kuna mtoto anayekojoa kitandani, na Kiswahili kimempa jina lake rasmi: kikojozi. Wapo watoto wanaobebeshwa godoro kichwani wapite nalo uani ili majirani waone. Watu wazima wengi wanalikumbuka hilo kwa kicheko ambacho hakifiki machoni.

Jina hilo linadokeza uvivu, kwamba mtoto anajua anabanwa ila hataki kuamka. Ukweli wa kitabibu ni mwingine. Katika kila watoto 100 wa miaka mitano, takribani 15 bado hukojoa kitandani. Wakifika miaka 10 hubaki kama watano. Hali hiyo hurithiwa, na mara nyingi baba anayemchapa mwanawe alikuwa hivyohivyo, akasahau au hataki kukumbushwa. Mtoto halali akipanga. Amelala usingizi mzito na ubongo wake bado haujajifunza kuupokea ujumbe wa kibofu. Kumchapa hakuharakishi somo hilo, na woga unaweza kulichelewesha.

Hapa pia jina la tabia linaweza kuficha ugonjwa. Mtoto aliyekaa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza ghafla kukojoa kitandani, hasa akiwa anakunywa maji mengi, anakojoa mara kwa mara mchana na anakonda, apimwe sukari haraka. Kisukari cha watoto hakisubiri. Na mtoto aliyeanza tena baada ya msiba, kuhama nyumba au kuonewa na mtu, anasema kwa kibofu jambo ambalo hajapata maneno yake.

Mtoto husoma fremu yetu

Kama fremu ingebaki kichwani mwa mzazi, madhara yangekuwa madogo. Lakini watoto huisoma mapema sana. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la watoto wa mwaka mmoja waliowekwa juu ya meza ya kioo iliyoonekana kama ina ngazi ya sentimita 30 kwenda chini. Mama alisimama upande wa pili. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa woga, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Urefu wa ngazi ulikuwa uleule.

Kila mzazi amewahi kufanya jaribio hilo bila kujua. Mtoto anaanguka uani, halii bado, anakutazama kwanza. Ukipiga kelele na kukimbia, analia. Ukisema "pole, simama", mara nyingi anasimama.

Kadiri anavyokua, anasoma mengi zaidi ya hayo. Katika utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 1968, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson waliwaambia walimu wa shule moja ya msingi California kwamba wanafunzi fulani, kama mmoja kati ya watano, wana dalili za kuchanua kimasomo mwaka huo. Wanafunzi hao walikuwa wameteuliwa kwa bahati nasibu. Mwaka ulipoisha, hasa katika darasa la kwanza na la pili, walikuwa wamepanda zaidi ya wenzao kwenye mtihani wa akili. Utafiti huo ulikosolewa sana, na kazi nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba matarajio ya mwalimu kwa kawaida hubadili matokeo kidogo tu, si kimiujiza. Wahamasishaji wanaoutumia kuwaambia wazazi kwamba mtoto huwa vile unavyomwita wanavuka mipaka ya ushahidi. Lakini kidogo kinachorudiwa kila jioni saa 12 kwa mwaka mzima ni kitu kingine.

Bibi wa Muheza ndiye aliyepata jibu bila jaribio. Siku moja kabla ya kwenda zahanati alimuuliza mjukuu wake, uso kwa uso, kwa nini mama akimwita haendi.

"Mimi mkaidi," mtoto alijibu.

Hakusema hasikii. Hakujua kwamba hasikii. Mtoto ambaye usikivu wake umepungua polepole hana cha kulinganisha nacho. Anadhani dunia ndivyo inavyosikika, na watu wazima wanamkasirikia bila onyo. Naye alikuwa anahitaji maelezo, akayachukua yale aliyopewa.

Fremu tamu nayo ni fremu

Ingekuwa rahisi kuishia hapo kwa kusema wazazi wawaze mema. Lakini fremu inayofariji inaweza kuchelewesha tiba kuliko hata ile ya ukali. "Watoto wa kiume huchelewa kuongea" ni maneno yaliyowaweka nyumbani watoto wengi ambao walipaswa kupimwa masikio wakiwa na mwaka mmoja. "Ni mpole tu, hana makuu" husemwa kuhusu binti anayekaa peke yake pembeni, hamsumbui mtu, na kwa kuwa hasumbui hapelekwi popote. Mvulana wa Mbagala angalau alikuwa anaudhi. Mtoto wa kike mwenye masikio kama yake angeweza kusifiwa kwa utulivu mpaka darasa la nne.

Kuna pia hatari ya kumgeuzia mzazi fremu hiyohiyo. Mama anayelala saa tano na kuamka saa tisa usiku kuchoma maandazi hana tatizo la mtazamo, ana tatizo la usingizi na la nauli. Alipoambiwa aende hospitali ya rufaa, alihesabu siku mbili za biashara zilizopotea, nauli ya kwenda na kurudi, na pesa ya kumuona daktari. Kumwambia abadili fikra bila kuyataja hayo ni dharau. Na uchovu wenyewe hupunguza nafasi ya wazo la pili. Asubuhi uji ukimwagika ni bahati mbaya, usiku uji uleule ni makusudi.

Hata hivyo kuna jambo dogo linalowezekana hata kwa mtu aliyechoka, nalo ni kujiuliza: nikiondoa neno makusudi, nimeona nini hasa? Mama huyu angejibu kwamba ameona mtoto aliyempa mgongo, ameitwa mara tatu, hakugeuka. Maelezo hayo yanaweza kuwa ukaidi, yanaweza kuwa mchezo uliomnogea, yanaweza kuwa masikio. Mwalimu akiliondoa neno uzembe, ataona mtoto asiyeandika kilichoko ubaoni, na swali la kwanza litakuwa kama anauona ubao.

Kwa masikio, kuna kipimo cha nyumbani ambacho hakichukui nafasi ya daktari ila kinatosha kuamua safari. Chagua wakati nyumba imetulia na mtoto hajui kama unamjaribu. Simama nyuma yake, asikuone wala asione kivuli chako, umwite kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya chini. Usitumie neno la chakula, maana harufu na pilikapilika za wengine humsaidia. Rudia siku tatu nne tofauti, ikiwamo siku ana mafua. Mtoto mchanga ambaye hashtuki kwa kelele, wa mwaka mmoja ambaye haitikii jina lake, au wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, asisubiri kipimo cha nyumbani.

Na mtoto anayesikia kidogo asaidiwe leo, wakati foleni ya hospitali ikisubiriwa. Mguse kabla ya kumtuma. Akuone uso. Zima redio. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, upande wa sikio linalosikia vizuri. Wazazi wa Mbagala walikwenda shuleni pamoja kulisema hilo, baba akiwa amefunga karakana nusu siku. Mwalimu, kwa mujibu wa mama, alinyamaza kidogo, kisha akataja majina ya watoto wengine wawili wa darasani ambao angependa wazazi wao waitwe.

Baba hakuongea mengi tangu siku ya majibu. Usiku ule alimkalisha mwanawe kwenye benchi la karakana, akamwangalia usoni, akamwambia kwamba alimpiga kwa jambo ambalo hakulisikia, na kwamba amekosea. Mtoto aliuliza kama anaweza kuchukua vipande vya mbao vilivyobaki. Akapewa.

Sasa ni miezi mitano. Sikio la kulia limekauka lakini kiwambo bado kina tundu, na daktari ameshauri waendelee kulilinda na maji na kurudi kliniki kuangalia kama litahitaji upasuaji. La kushoto limefunguka. Jioni saa 12 mama hunawa unga, huenda hatua nne mpaka mlangoni, humgusa bega.

Wiki iliyopita hakunawa. Alikuwa na haraka, akamwita kutoka jikoni kwa sauti ya kawaida. Mvulana akainua kichwa, akageuka, akamtazama, kisha akarudi kwenye vizibo vyake vya soda.

"Alinisikia vizuri kabisa," anasema mama yake, akicheka. "Huo sasa ndio ukaidi wenyewe."

Alimwita tena, akaja.